Jozani, Ngezi, au Ngazija kwenye volkano?

BabaWawili: Assalaam alaykum. Nna likizo ya siku nne na watoto wawili. Mkubwa kasomeshwa volkano skuli, sasa hanipi usingizi. Mie nafikiria msitu wa Jozani hapa Unguja au wa Ngezi kule Pemba, ila kuna mtu kaniambia Pemba upo mlima wa moto. Kweli?

MtuWaKonde: Waalaykum salaam. Aliyekwambia kakutania. Jiwe letu ni la matumbawe, Pemba hata Unguja. Moto uko Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, mlima Karthala, mita 2,361. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, na ule wa Novemba majivu yaliingia kwenye mabirika ya mvua, watu wakakosa maji ya kunywa. Kwa siku nne na watoto, sahau.

Njoo Ngezi. Mivule mikubwa hasa, na usiku utamsikia bundi wa Pemba, hayupo pengine duniani. Njiani teremka Kidike uone popo wetu, bawa hadi bawa karibu mita moja na nusu. Wametundikwa mchana kutwa wanagombana kama watu wa sokoni. Miaka ya 1980 walikaribia kwisha kwa kuwindwa.

ShangaziWaPete: Mie navutia kwangu. Jozani unapanda daladala asubuhi, jioni uko nyumbani. Kima punju hawana haja ya kutafutwa. Juzi mmoja kaja nyuma ya jiko langu, kaokota kipande cha mkaa uliozimika, kapanda nacho mwembeni akikitafuna kama muwa, mdomo mweusi tii. Wanakula sana majani ya miembe na mikungu, na mkaa ndio unaowapunguzia sumu yake. Mwambie mkubwa aangalie mkono: dole gumba ni kinundu tu.

MtuWaKonde: Kwa kima umetushinda, shangazi. Ngezi waliletwa wachache miaka ya 1970, kuwaona ni bahati.

Msafiri_Darajani: Baba, mdogo ana miaka mingapi? Kusi hili, pepo za kusini, mkondo wa bahari wa Nungwi utamtapisha mpaka bandari ya Mkoani. Pemba ingoje kaskazi, pepo za kaskazini.

BabaWawili: Minne, na hata kwenye daladala hutapika. Basi Jozani Jumamosi. Shangazi, kule kwenye mikoko twende saa ngapi?

ShangaziWaPete: Jumamosi ni bamvua, maji makubwa ya bahari, yanajaa saa kumi jioni. Saa tisa muwe juu ya daraja. Maji yakitoka mtaona tope na kaa tu, ingawa mdogo huenda akapenda kaa zaidi.