Shule za kando ya Ziwa Nyasa zifundishe kuogelea?

Mwana wa Matema: Wadau, Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa shule wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Mwaka 2021 pekee watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Huku Kyela tuweke kipindi hicho shuleni?

Fundi Uyole: Madawati hayatoshi, tuajiri walimu wa kuogelea? Wazazi wa Kyela wachunge watoto. Mtoto anashinda ziwani kutwa, mama hana habari.

Mama Mwaya: Kaka, umetukosea. Ziwa ndilo bomba letu, ndilo bafu letu. Nikimtuma mwanangu maji, nimemtuma ziwani. Wewe unafungua koki sebuleni halafu unatufundisha kulea?

Fundi Uyole: Sijamtukana mtu, dada. Maji yana mambo yake. Ziwa Ngozi linavuta watu, wazee wa milima ya Poroto wanasema.

Msafwa: Ngozi halimvuti mtu! Lile ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, liko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji yake baridi. Ukijitupa ghafla unashtuka, unavuta pumzi bila kupenda; kichwa kikiwa chini, unavuta maji. Mikono nayo inakufa ganzi. Tukishasingizia mizimu, hakuna anayejifunza.

Fundi Uyole: Kumbe hata fundi wa kuogelea anazama. Kipindi cha nini sasa?

Msafwa: Cha kumzoeza kuingia polepole, na akishtuka alale chali aelee mpaka pumzi itulie. Mbio na mbizi baadaye.

Mwalimu Tukuyu: Na waache kumning'iniza aliyezama kichwa chini ati maji yatoke! Aliyezama amekosa hewa. Kama hapumui, mlaze chali, mpulizie kinywani, ubonyeze kifua, huku mwingine akiita msaada. Hili linaniuma sana.

Mama Mwaya: Ndaga (asante), mwalimu. Na usimfuate majini kama hujui, atakukumbatia mzame wote. Mrushie dumu tupu lenye kifuniko, au kamba.

Mwana wa Matema: Mbona mitumbwi hamuisemi? Mei mpaka Agosti upepo wa kusini unachafua ziwa, na ukitoka Matema kwenda mashariki milima ya Livingstone inatumbukia majini, pwani ya kukimbilia ni haba. Abiria wamejaa, jaketi la kuokolea maisha hakuna hata moja. Tuanze na jaketi.

Fundi Uyole: Jaketi anunue nani? Serikali tena?

Mama Mwaya: Anunue anayetoza nauli. Asiye nazo asipakie mtu.

Fundi Uyole: Atapandisha nauli, na wewe utakuwa wa kwanza kulalamika.

Mama Mwaya: Nitalipa.