Mzee wa filimbi kamtukana Hasheem Thabeet wa kikapu mbele ya watoto, leo hapa hapatoshi!

Wakuu, sijalala. Mkiona herufi zimerukwa mjue ni hasira, siyo shule.

Huyo mzee mnamjua. Jina sitaji, nisije nikapigwa ban kwa ajili ya mtu asiye na maana, lakini yeyote aliyewahi kukanyaga uwanja wa kikapu hapa Dar anamjua. Filimbi shingoni toka enzi za Mwinyi na haijawahi kupulizwa hata siku moja. Nahisi ndani yake kuna familia ya buibui, wajukuu kabisa.

Jana jioni nipo na vijana wangu. Kuna dogo mmoja ana miaka 16, nilimpima mwenyewe kwa tepu ya fundi seremala: sentimita 204. Raba hana. Anacheza na kandambili, kisigino kimetokeza nyuma kama kipande cha mkate kilichozidi sahani. Hajamaliza hata mwaka kwenye mchezo, na tayari akinyoosha mkono watoto wenzake wanaahirisha kurusha, wanarudisha mpira nyuma kwa adabu.

Mzee akatokea na mhindi wa kuchoma. Akamtazama dogo kuanzia chini kwenda juu, ikamchukua muda maana ni safari. Nikasema shikamoo mzee, huyu ndiye Hasheem wetu mpya. Akatafuna. Akameza. Akatoa punje kwenye jino kwa ukucha. Kisha:

"Hasheem yupi, ile nguzo ya umeme? Huyu mfundishe kubadilisha globu."

GLOBU!

Uwanja mzima ukacheka. Muuza maji kacheka. Bodaboda aliyekuwa anapita barabarani akapunguza mwendo, akauliza kuna nini, akaambiwa, akazima pikipiki ili acheke vizuri. Na dogo, wakuu, hapo ndipo nilipokufa: dogo akainua uso akaitazama taa.

Sasa niambieni. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15, ndiye wa kufananishwa na nguzo? Msimu wa 2008-09 pale UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira anayoidaka mtupo ukikosa) na kuzuia mitupo 4.2 ya wapinzani KILA MCHEZO. Januari 2009 chuo cha Providence walizuiwa mitupo 10 na mtu mmoja. Nguzo gani inazuia mitupo 10? Mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo vya kule, mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Timu ikafika nne bora za vyuo vyote vya Marekani. Kisha akachaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA, pale timu za kulipwa zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Namba mbili! Mimi mechi zile nilikuwa nazisoma kibanda cha intaneti, shilingi 500 nusu saa, ukurasa unafunguka kutoka juu kidogo kidogo, unaona jina la timu, unaona namba za wenzake, dakika zinaisha hujamfikia Hasheem, unaongeza mia tano nyingine. Mtu ambaye nimemlipia mia tano tano msimu mzima leo anaitwa nguzo na mla mahindi?

Halafu dogo akaitazama taa. Siwezi kulitoa kichwani. Akaitazama kama mtu anayepiga hesabu.

Huyo mzee ana kituo cha vijana? Hana. Amewahi kumpeleka mtoto hata Kibaha? Hajawahi. Lakini globu anazijua.

Nimemaliza. Sijamaliza, nitarudi.

#2 Siti ya Mbele
Nimewahi, wakuu. Waliochelewa mkeke uko pembeni.

#3 Kijiko cha Chai
Mleta mada, picha ya dogo iko wapi? Sentimita 204 bila picha ni chai. Halafu tepu ya fundi seremala huwa imekatika pale mwanzo, toa 10.

#4 Nipo Nasoma
Kandambili saizi gani hizo? Naulizia tu.

#5 Mtoto wa Upanga
Mkuu pole, ila tuseme ukweli. Namba 2 mwaka 2009, namba 3 alikuwa James Harden, namba 7 Stephen Curry. Mzee wa filimbi hajakosea sana. Memphis waliomchagua mpaka leo wakisikia neno Tanzania wanashika kichwa.

#6 Babu wa Ribaundi (mleta mada)
Nilijua utakuja na hiyo. Hiyo ni NBA, mimi naongelea CHUO. Mtu aoe vizuri, ndoa ije kuvunjika baadaye, wewe unakuja kusema harusi haikunoga? Harusi ilinoga! Na nikukumbushe suala siyo Curry. Suala ni globu.

#7 Mtoto wa Upanga
Harusi yenyewe kuna mgeni alimbeba bwana harusi mgongoni. Februari 16, 2009, UConn wako namba 1 nchi nzima, DeJuan Blair wa Pittsburgh kamvuta mkono Hasheem kamrusha juu ya bega kama gunia la mkaa. Blair futi 6 na inchi 7, Hasheem futi 7 na inchi 3. Pointi 22, ribaundi 23, Pitt wakashinda 76 kwa 68. Na ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Hasheem, anatimiza miaka 22. Keki hiyo.

#8 Babu wa Ribaundi (mleta mada)
Ile ilikuwa FAULO. Dunia nzima iliona isipokuwa mwamuzi, na mwamuzi yule angekuwa Dar angekuwa na filimbi kama ya mtu ninayemjua.

#9 Siti ya Mbele
😂😂 uzi umeanza kuiva

#10 Mulushois
Jambo bandugu. Mimi ni wa Lubumbashi, naishi Lexington, Kentucky. Kwa heshima yote, mkitaka kusifu senta (yule mrefu wa chini ya goli) wa chuo anayesikia Kiswahili, muanze na Oscar Tshiebwe. Mtoto wa kwetu Lubumbashi. Msimu wa 2021-22 na Chuo Kikuu cha Kentucky, wastani wa pointi 17.4, ribaundi 15.1. Hakuna mtu wa daraja la kwanza la vyuo aliyefikisha wastani wa ribaundi 15 kwa zaidi ya miaka 40 kabla yake. Akachukua tuzo zote za mchezaji bora wa taifa. Mechi na Western Kentucky alichukua ribaundi 28! Siku ile huku Wakongomani tulivaa bluu mpaka kanisani. Tena ana futi 6 na inchi 9 tu, hawezi kufikia globu yenu, na bado alichukua kila kitu kilichoanguka.

#11 Kijiko cha Chai
Ribaundi 28 mbona ni nyingi kuliko kuku nilionao.

#12 Mtoto wa Upanga
Oscar huyo huyo aliyetolewa na Saint Peter's raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa ya vyuo? Chuo ambacho hata Wamarekani walienda kukitafuta kwenye ramani?

#13 Mulushois
Papa, siku ile Oscar alipiga 30 na ribaundi 16! Sasa angefanya nini, auze na tiketi? Ila kama ni malalamiko, langu ni kubwa kuliko la globu. Wenzake walikuwa wanavuna hela za matangazo, yeye yuko kwa viza ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi ile ndani ya Marekani. Ilibidi timu isafiri mpaka Bahamas mwaka 2022 ndipo asaini mikataba huko. Mchezaji bora wa nchi, hela yake anaifuata kisiwani kama mvuvi. Halafu drafti ya 2023 wakapita majina yote bila kumwita. Hapo ndipo mtu anatakiwa akose usingizi.

#14 Babu wa Ribaundi (mleta mada)
Kaka Mulushois nakuheshimu, lakini fungua uzi wako. Huu ni wa globu.

#15 Dada wa Netiboli
Samahani kuingilia wanaume wanaopimana urefu. Sisi tunacheza netiboli uwanja huo huo mnaougombania, na vijana wa mleta mada kila jumatano wanatuondoa saa kumi na moja kamili na goli letu wanalisogeza kwenye majani. Tukilalamika tunaambiwa "subirini, tunaandaa Hasheem mpya". Mwaka wa ngapi huu? Huyo ni Hasheem mpya wa nne. Wa kwanza sasa hivi ni konda wa daladala, anakaa kainamisha shingo siku nzima.

#16 Nipo Nasoma
Dada umeua.

#17 Bukuku Maskauti
Tuwe serious kidogo. Dogo wa sentimita 204 ana miaka 16, mnabishana kuhusu taa? Khaman Maluach ni mzaliwa wa Sudan Kusini, kakulia Kawempe, Kampala, kashika mpira akiwa na miaka 13 hivi, na mwanzoni alicheza na Crocs maana raba za saizi yake hakuna. Akapita akademi ya NBA kule Saly, Senegal. Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 17, chuo cha Duke, nne bora za vyuo, kisha namba 10 kwenye drafti ya 2025. Kawempe hiyo, siyo Ulaya. Sasa hivi vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa hiyo maskauti watakuja mpaka Mbagala. Mleta mada, dogo ana pasipoti? Ana cheti cha kuzaliwa? Matokeo yake ya shule yakoje? Hesabu na Kiingereza? Vyuo vya kule vinaangalia masomo kabla ya mikono.

#18 Babu wa Ribaundi (mleta mada)
Cheti kinashughulikiwa.

#19 Bukuku Maskauti
"Kinashughulikiwa" toka lini?

#20 Babu wa Ribaundi (mleta mada)
Tusitoke nje ya mada.

#21 Nilikuwepo
Mimi jana nilikuwepo, ni yule wa pikipiki. Naomba niweke sawa. Kwanza mzee hakuwa na mhindi, alikuwa na muhogo. Pili, taa ile imeungua tangu mwezi wa Ramadhani, ndiyo maana mazoezi yanaisha saa kumi na mbili na nusu. Tatu, mleta mada na wewe ULICHEKA. Ulicheka kwanza, kisha ukakumbuka kukasirika.

#22 Siti ya Mbele
Mamaaaa 😂😂😂

#23 Kijiko cha Chai
Mods msifunge huu uzi nawaomba.

#24 Babu wa Ribaundi (mleta mada)
Kile hakikuwa kicheko, nilipaliwa.

#25 Nilikuwepo
Na nne: mlipoondoka, dogo alibaki. Mzee akatoa globu mpya mfukoni, ya wati 40. Dogo akapanda kwenye beseni la muuza maji, akaibadilisha. Inawaka. Mimi ndiye nilimulika kwa simu.

#26 Dada wa Netiboli
Kumbe ndiyo maana jana usiku tulicheza mpaka saa mbili! Mwambieni mzee asante.

#27 Mulushois
Oscar naye angehitaji beseni. Nakubali.

#28 Nipo Nasoma
Jamani narudia, kandambili saizi gani? Nina raba za mtumba namba 50, nilizinunua Karume nikidhani ni 45, mwaka wa pili ziko chini ya kitanda.

#29 Fundi Kiatu Tandika
Namba 50 usiuze, mkuu. Leta nikukatie, zinatoka jozi mbili za watoto.

#30 Nipo Nasoma
Bei gani kukata?