Tupeane uzoefu: adui gani wa filamu au hadithi hujamsamehe mpaka leo?

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni wa Ngarenaro, Arusha. Nimekulia kwenye vibanda umiza, enzi za sauti ya Lufufu ikitafsiri picha mpaka unasahau kwamba wanaoongea ni Wachina. Bosi wa maadui, yule wa miwani nyeusi anayeua watu kumi sigara haijaisha, hatukumchukia hata kidogo. Tukitoka nje tulikuwa tunaiga mwendo wake. Banda lililipuka anapojitokeza msaliti: rafiki wa steringi, aliyekula kwa mama yake, kisha akaenda kumuuza. Huyo alitukanwa na wakubwa kwa wadogo. Siku moja jamaa alirusha kandambili kwenye televisheni, na hakuna aliyemlaumu.

Sekondari nikakutana na vitabu vya Harry Potter. Voldemort ndiye aliyewaua wazazi wa yule mtoto, lakini nilimsoma nimetulia. Aliyenikosesha usingizi ni Umbridge, mwalimu wa nguo za pinki na sauti ya kubembeleza. Alimwandikisha Harry kwamba hatasema uongo, kwa kalamu inayochana maneno hayohayo kwenye ngozi ya mkono wake. Na mtoto alikuwa amesema kweli! Nilikifunga kitabu. Shuleni kwetu alikuwepo mwalimu aliyetabasamu vilevile kabla ya kuchapa, na ukilia anakwambia umejitakia. Voldemort sijawahi kukutana naye maishani. Huyu mwingine namjua hadi harufu ya mafuta yake.

Tupeane uzoefu. Wako ni nani, na kwa nini yeye?

Mdau wa Rombo: Bibi alitusimulia habari za zimwi linalomeza watoto. Tuliogopa, ila chuki haikuwepo, zimwi lina njaa yake. Mama wa kambo aliyemtuma mtoto kisimani usiku akijua zimwi liko huko, huyo ndiye tuliyemwombea mabaya.

Dada wa Pasua, Moshi: Wangu ni wifi mtu kwenye tamthilia moja ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Hajaua mtu. Anamkumbatia mjane msibani, analia kuliko wote, na mkononi tayari ana funguo za kabati. Baba yangu alipofariki, matanga hayajaanuliwa, shangazi yangu alionekana akihesabu hatua kwenye shamba letu la kihamba, kutoka migomba hadi mfereji. Asubuhi yake alikuwa amempikia mama uji. Ule uji ndio unaoniuma kuliko mipaka.

Mdau wa Sakina: Naongezea kidogo. Mbaya akiadhibiwa mwishoni, chuki inaisha. Fisi wa hadithi zetu kila siku anaumbuka, ndiyo maana tunamcheka. Anayebaki moyoni ni yule anayemaliza picha amekaa kwenye kiti kilekile.

Mdau wa Majengo, Moshi: Dada yangu aliigiza mama mkwe katili kwenye igizo la mtaani. Wiki nzima pale soko la Mbuyuni mama mmoja alikataa kumuuzia ndizi. Alimwambia usoni, "Nenda ukamwombe msamaha yule binti." Dada alirudi nyumbani analia. Mimi nilimwambia ameigiza vizuri mno, na mpaka leo naamini hivyo.

Mwenye mada: Dada wa Pasua, pole sana. Naomba nikuulize: tamthilia yenyewe unaendelea kuiangalia?

Dada wa Pasua, Moshi: Naiangalia, kaka. Shangazi sasa ni mzee, miguu inamsumbua, yuko kwetu tangu Pasaka na mama ndiye anayemwogesha. Juzi tulikuwa wote sebuleni. Yule wifi alipotoa funguo mfukoni, shangazi akasonya, akasema, "Mwanamke ana roho mbaya huyu, na Mungu anamwona." Nilimtazama mama. Mama aliinuka akaenda kumletea chai.