Bati linatuchoma chumba cha kushonea: rangi nyeupe, foili au silingi?

SindanoNaUzi
Habari za leo wakuu. Nina chumba cha kushonea Ngamiani, Tanga. Nimepanga. Tofali za saruji, bati la zamani geji 30, silingi hakuna. Ukiinua macho unaona papi (mbao zinazopigiliwa bati) na misumari. Tuko watano na vyerehani vinne. Asubuhi hakuna neno, ila ikifika saa sita mchana ni kama mtu amekushikia pasi juu ya utosi. Jana nilitafuta kipande cha mshumaa tunachopakia uzi, kilikuwa rafu ya juu. Nimekikuta kimeinama na kugandana na boksi la vifungo.

Binti mmoja anayejifunza kwangu anaumwa kichwa kila alasiri. Mimi ndiye niliyemwombea kwa mama yake aje hapa, kwa hiyo sitaki msimu mwingine wa kaskazi upite hivi. Nimeambiwa mambo matatu: rangi nyeupe juu ya bati, foili (karatasi ya alumini inayong'aa) chini yake, au silingi ya jipsamu. Pesa yangu inatosha moja, labda moja na nusu. Pangaboi tunalo, linazunguka, lakini linashusha moto. Naomba aliyejaribu aniambie alichokiona.

FundiKenchi
Pole sana dada. Kazi yangu ni kuezeka, nikueleze ninavyolielewa hili.

Kwa Tanga jua linapita utosini kabisa mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Maana yake mchana mzigo wa jua unabebwa na paa, ukuta unapata kidogo. Bati ni jembamba, likichemka juu limeshachemka na chini, kisha linakumulika kama jiko. Fanya jaribio: saa saba mchana simama katikati ya chumba, kinga kichwa kwa daftari pana. Utapata nafuu papo hapo na hewa ni ileile. Hiyo ndiyo sehemu ya joto ambayo pangaboi haliwezi kuipuliza. Pwani yetu unyevu ni mwingi, jasho halikauki upesi, kwa hiyo upepo wa pangaboi ni muhimu sana, lakini kazi yake ianze baada ya kulinyamazisha bati.

Rangi nyeupe ndiyo ningeanza nayo. Wengi wanadhani bati jipya linalong'aa ndilo baridi. Linarudisha jua kiasi, ni kweli, lakini joto likishaingia haliachii kirahisi, ndiyo maana hata jipya mchana halishikiki. Nyeupe inarudisha jua, na joto dogo lililoingia inalitoa upesi. Bati lako la zamani, kama limeshageuka kahawia, tofauti utaiona siku hiyohiyo. Na usidanganywe kwamba ukinunua geji nene chumba kitapoa. Unene ni wa kudumu na kuhimili upepo.

ChakeChake
Assalaam aleykum. Naongezea kwa anayefikiria kupaka chokaa kwa sababu ni rahisi. Nilipaka jiko la nje. Joto lilishuka, sikatai, ila masika moja tu imeteremka yote kwenye karo. Na kama bati ni lile lenye alumini ndani yake, chokaa mbichi inalila. Pia wapo wanaotandika makuti juu ya bati. Msifanye hivyo. Makuti yakilowa yanakaa na unyevu juu ya bati, na huku kwetu hewa ina chumvi, kutu inakuja mbio. Cheche ikiruka kutoka kwa jirani napo ni msiba.

MwanaMuheza
Mimi ni wa jipsamu. Nilipoweka nyumbani, kelele za mvua zimepungua, vumbi limepungua, na mchana tunakaa. Dada akiweza aweke silingi amalize.

FundiKenchi
Mkuu MwanaMuheza, nyumba yako nadhani ina matundu kwenye mapaa. Silingi bila pa kutokea hewa ni tanuri lililofunikwa. Ile nafasi ya juu inapata moto kutwa nzima, jipsamu nayo inapokea polepole, na magharibi wakati nje kumepoa bado inakushushia. Lazima hewa iingie chini pembezoni na itoke juu karibu na kofia (bati la kileleni mwa paa), na matundu yawe na wavu kwa ajili ya popo. Halafu bati la zamani likivuja tundu moja, jipsamu inafanya ramani na kuanguka. Na kumbuka chumba chake ni cha kupanga.

BintiKisauni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nimeweka foili, na mara ya kwanza nilikosea, kwa hiyo soma vizuri dadangu. Fundi aliibandika ikagusana na bati kila mahali. Haikusaidia kitu! Foili ikigusa bati kwa upande unaong'aa inakuwa bati la pili. Ilibidi tuibandue, tukaipigilia chini ya mbao, ikabaki nafasi kati yake na bati, karibu upana wa kiganja. Tukaacha wazi chini na juu ili ile hewa ya moto ipande itoke. Upande unaong'aa tuliuelekeza chini, kwenye chumba. Ukiuelekeza juu unafanya kazi pia, lakini vumbi linatua, na foili yenye vumbi inapungua kazi.

Mara ya pili nilisikia tofauti siku ileile. Unainua mkono kuelekea paa, ule mchomo haupo. Ukihama unaikunja unaenda nayo.

FundiKenchi
Dada wa Kisauni amesema yote, naongeza moja, na hili naomba mlizingatie sana. Foili inapitisha umeme. Msumari ukitoboa waya uliopita kwenye kenchi (fremu ya mbao ya paa), foili yote inakuwa na moto wa umeme. Australia, mwaka 2010, serikali ilisimamisha foili katika mpango wake wa kukinga joto kwenye madari baada ya vijana wa kazi kufa kwa kupigwa na shoti. Zima meni swichi kabla hujapanda, na nyaya zote ziwe ndani ya paipu.

KukuKibaha
Kuhusu kumwagia maji juu ya bati: kwenye banda la kuku nafanya hivyo siku mbaya sana, na kuku wanaacha kutweta. Lakini yakikauka joto linarudi, na maji ya kisima yenye chumvi yameshanitobolea bati mbili. Ni ya dharura tu.

SindanoNaUzi
Nimefanya jaribio la daftari. Kweli kabisa. Nimewaita na mabinti wote wajaribu.

Sikuwaambia jambo moja: juu ya cherehani ya dirishani kuna bati mbili za plastiki za kupitisha mwanga. Niliziweka mimi ili tuone kutunga uzi. Binti anayeumwa kichwa anakaa hapohapo chini yake.

FundiKenchi
Dada, leo usilale bila kumhamisha huyo mtoto. Bati la mwanga linaingiza jua lenyewe. Rangi na foili vyote vitafanya kazi, na pale pataendelea kuwaka. Zitoe, weka bati la kawaida, mwanga uutafute pembeni: dirisha la juu upande wenye kivuli cha baraza, na taa za LED karibu na sindano, hizo hazina joto la kusumbua.

SindanoNaUzi
Nimemhamisha. Kwa leo nimefunika zile bati kwa kitambaa cheupe cha pamba, kwa ndani.

Mwenye nyumba amekubali nipake rangi nikate nusu ya gharama kwenye kodi. Foili nitanunua ya kutosha upande wa mashine kwanza. Nimeona tangazo la rangi "ya kupunguza joto", bei yake juu. Na je, nipake lini?

FundiKenchi
Nyeupe ya kawaida ya nje ya kupakia mabati inatosha, mradi iwe nyeupe hasa, si krimu. Kwangua kutu kwa brashi ya waya, osha kwa sabuni, acha ikauke, piga praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya mabati, kisha mikono miwili ya rangi. Usipake mvua ikinukia. Anza asubuhi umande ukishakauka, saa nne shuka, kwa sababu bati la moto linakausha rangi kabla haijashika. Aliyepanda akanyage kwenye mstari wa misumari tu, ndipo kuna papi. Na kila mwaka masika ikiisha, paa lisuguliwe. Kuvu jeusi la pwani linaula weupe wote.

BintiKisauni
Na utupe habari za huyo binti.

SindanoNaUzi
Leo alasiri ameshona magauni mawili ya sare, hajashika kichwa. Fundi anapanda Jumamosi.