Mpole nyumbani, akifungwa kamba hubwekea kila mbwa: tatizo ni nini?

Mkazi wa Njiro:
Habari zenu wanajukwaa. Nina mbwa jike wa miaka mitatu anayecheza vizuri uani na mbwa wa jirani. Lakini nikimfunga kamba jioni na kutoka naye, tukikutana na mbwa mwingine huruka mbele, hubweka mfululizo na kuvuta mpaka anakohoa. Wapo wanaonishauri nimvalishe mnyororo wa kubana shingo ili ajue nani mkubwa. Ningependa kwanza kuelewa kinachomsumbua.

Mzee wa Tengeru:
Binti yangu, umefanya vyema kutafuta sababu kabla ya dawa. Mbwa waliofunguliwa hawaendeani uso kwa uso. Huzungukana, hunusana, na asiyependa huondoka zake. Kamba huondoa nafasi hiyo yote, hasa kwenye vijia vyetu vyembamba vya mitaani, kwa hiyo mwenye hofu hubaki na kelele tu, na kwa kuwa yule mwingine alikuwa anapita njia na hatimaye hutoweka, yeye huamini kwamba kelele zake ndizo zilizomfukuza. Wapo pia wanaobweka kwa sababu wanatamani kusalimiana na wamezuiwa, na kwa maelezo yako nadhani huyu wako ni wa kundi hilo, ingawa hali hizo mbili huweza kuchanganyika.

Mtazame kabla hajabweka. Mwenye hofu hulamba midomo, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, na uzito wake huuegemeza nyuma. Usidanganywe na mkia: mkia uliosimama wima na kutikisika kwa kasi, mwili ukiwa umekakamaa, si furaha.

Mama Neema, Nairobi:
Dada, huo mnyororo uuache kabisa. Maumivu yakimpata kila anapoona mbwa, atajifunza kwamba mbwa huleta maumivu, na ukali utazidi. Kanuni aliyoionyesha mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, kwamba mbwa hujifunza kuunganisha kitu na kile kinachokifuata kila mara, inaweza kutumika kwa upande wa heri. Simama mbali kiasi kwamba anamwona mwenzake lakini bado ametulia, kisha mpe vipande vidogo vya ini lililochemshwa mpaka yule apotee machoni, ndipo uache kumpa. Mfuatano ni muhimu sana: mbwa aonekane kwanza, ini lifuate. Akikataa hata ini, mmekaribia mno, rudini nyuma. Kamba ishike ikiwa imelegea, kwa maana ikikaza tu yeye huona kuna hatari, na mikanda ya kifuani itamwokoa koo.

Daktari wa mifugo:
Ikiwa tabia hii imeanza ghafla, mpeleke apimwe, kwa sababu maumivu ya sikio, jino au nyonga humfanya mbwa asitake kusogelewa.

Mkazi wa Njiro:
Asanteni sana. Je, mbwa koko akitujia mwenyewe, nitapataje huo umbali?

Mzee wa Tengeru:
Vuka barabara mapema, au jifiche nyuma ya gari lililoegeshwa ili wasionane. Akizidi kusogea, mrushie chakula mbele yake, nanyi mwondoke kwa mwendo wa kawaida bila kukimbia. Chanjo ya kichaa cha mbwa isipitwe na muda. Wewe ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mkwaruzo ni mdogo.