Kikundi: Safari ya Mama Bergen 🌧️ (Mama hayumo)

Jumanne

Zuhura 19:02
Assalaam alaykum nyote. Tarehe ya Bergen, Norwei, ndiyo hiyo: Alhamisi 11 Juni kwenda, Jumapili 14 kurudi. Nataka majibu kabla ya Ijumaa hii. Tiketi za bei ya chini za Oslo–Bergen huwa chache kwa kila treni, zikiisha unauziwa ya bei kamili na hakuna wa kumlilia.

Zuhura 19:04
Mimi na Mama tunatoka Göteborg Jumatano, mwendo wa saa nne hivi, tunalala kwa Omari. Alhamisi asubuhi tunapanda ya Bergen, karibu saa saba njiani. Inapanda mpaka mita 1,237 upande wa Finse, na Juni huko theluji bado iko mabaka mabaka. Sweta ya Mama iwe mkononi, sio chini ya begi.

Idi 19:11
Saa saba njiani au saa saba mchana?

Idi 19:11
Nauliza tu. Tiketi ikiandikwa 08 ni saa mbili, sio saa nane. Nasema mapema kwa faida ya mtu fulani wa Oslo.

Nasra 19:12
😂😂 ile feri iliyomwacha

Omari 19:20
Tusianze.

Zuhura 19:21
Ya feri yaacheni. Nani anakuja, nani haji?

Idi 20:03
Mimi nipo. Ila visa ya Mama si ya Uswidi, tena ya kuingia mara moja? Norwei ataingiaje?

Zuhura 20:09
Norwei haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, zile nchi za visa moja. Akitoka kwangu kwenda Bergen hajatoka nje, kwa hiyo ile "mara moja" yake haijaguswa. Siku ndizo zinazohesabika, zile zile. Pasi aibebe yenyewe, picha ya simu haitoshi, na karatasi ya bima aiweke humo humo. Asichoweza ni kuruka kwa Salma Leicester, Uingereza, akarudi. Akishatoka Schengen, visa ya mara moja imekwisha kazi.

Zuhura 20:09
Salma mwenyewe mbona kimya? Naona alama za bluu.

Zuhura 20:15
Ijumaa ndiyo siku kubwa. Treni Bergen–Voss saa moja na robo, basi hadi Gudvangen, boti mwendo wa saa mbili ndani ya Nærøyfjord, ule mkono mwembamba wa bahari kati ya milima, tunashukia Flåm. Hapo tunapanda ile treni ya mlima hadi Myrdal, kilomita 20 kwa karibu saa nzima, halafu treni kubwa kurudi Bergen. Kila kipande kina tiketi yake, mkinunua wenyewe mnaokoa kidogo.

Nasra 20:22
Shangazi, mkinunua wenyewe boti ikichelewa treni haiwasubiri, na tiketi ya bei ya chini hairudishwi. Acha nafasi ya saa moja nzima pale Flåm, sio dakika 15.

Nasra 20:24
Na mlima wa Fløyen msiende saa nne asubuhi. Meli za watalii zikitia nanga, watu wote wanamwagika Bryggen, lile gati la zamani, halafu foleni moja kwenye ile treni ya kamba. Nendeni kabla ya saa tatu au baada ya saa moja jioni, inafanya kazi hadi saa tano usiku. Tiketi nunueni kwenye simu. Juu ni mita 320, dakika sita hivi mmefika.

Omari 20:31
Kushuka tushuke kwa miguu, kilomita tatu, njia nzuri ya kuzungukazunguka msituni. Kuna na mbuzi.

Idi 20:32
Mbuzi?? Sasa ndiyo naanza kuelewa hii safari.

Nasra 20:33
Si wa kuchinja! Wanaachiwa tu kiangazi, wamevalishwa kola za GPS. Hakuna uzio. Mbuzi akikaribia mpaka kola inalia, anageuka mwenyewe.

Idi 20:34
Yaani mbuzi wana GPS na Omari hana 😭

Nasra 20:34
😂😂😂

Idi 20:36
*Ujumbe huu ulifutwa*

Zuhura 20:40
JAMANI. Mvua.

Zuhura 20:43
Msije na miavuli. Upepo unatoka baharini na maji yake, unagonga ile milima saba, unapanda, unapoa, unamwaga pale pale mjini. Mwavuli unapinduka kona ya kwanza. Siku zaidi ya 200 kwa mwaka zina mvua. Juni ni afadhali, lakini afadhali ya Bergen.

Nasra 20:44
2006 ilianza 29 Oktoba, ikanyesha kila siku siku 85 mpaka Januari.

Zuhura 20:49
Koti la mvua la Mama lisinunuliwe kwa macho. Ligeuzeni ndani nje mtazame mishono: ikiwa imebandikwa utepe toka bega hadi kwapa ni koti, ikiwa uzi mtupu ni pambo, maji yanapita kwenye matundu ya sindano. Lifike chini ya goti. Baibui likilowa pindo linanyonya maji mpaka magotini, na nyuzi joto ni 10 na kitu, halikauki kutwa. Soksi za sufu, pea tatu. Viatu vya mpira vyenye soli ya kushika, kwa sababu vichochoro vya Bryggen ni mbao na mbao zikilowa ni sabuni.

Omari 20:58
Sawa. Nani anaweka pesa ya hoteli? Mimi safari hii siweki mbele. Mabati ya paa la nyumbani niliweka mbele na mpaka leo nasemwa.

Zuhura 21:01
Uliweka? Tuliandikiana mabati 40. Yalifika 28.

Omari 21:03
Na misumari? Na gari la kutoka bandarini? Nitume risiti tena?

Zuhura 21:03
Zitume. Mara hii zenye tarehe.

Idi 21:05
Wale mbuzi wanatoa maziwa?

Omari 21:06
Idi nyamaza.

Mjomba Hamisi 22:31
Wanangu. La kwanza, paa la Chumbageni limeezekwa, masika imepiga na halikuvuja. Sitaki kulisoma tena humu. La pili, goti la kulia la dada yangu, mama yenu, halikunjiki vizuri tangu Rajabu. Mmempangia treni, basi, boti, na treni mbili tena kwa siku moja, halafu mwingine anataka kumteremsha mlima kwa miguu. Nani kati yenu amemuuliza? La tatu, huko jua linachwa saa tano usiku na giza la Isha haliingii. Asikae macho na saa mkononi. Ni msafiri, atasali kasri na atakusanya.

Zuhura 22:34
Shikamoo Mjomba. Tumesikia.

Omari 22:40
Shikamoo Mjomba.

Mjomba Hamisi 22:52
Marahaba.

Jumatano

Nasra 07:15
Shangazi, badala ya Flåm kuna boti ya Mostraumen. Inaondoka pale pale Fisketorget, soko la samaki, mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwenda na kurudi, ndani kuna joto, viti na choo. Inapita mlango mwembamba wa maji, halafu inasogeza pua mpaka kwenye maporomoko, wanakinga maji kwa ndoo mnaonja. Bibi hashuki popote.

Nasra 07:18
Na kushuka Fløyen arudi na treni ile ile. Kiti cha magurudumu kinaingia. Bryggen kwa mbele kinapita kwa taabu, mawe. Ndani ya vichochoro hapana.

Zuhura 07:30
Sawa, Flåm nimeifuta. (Na nilikuwa nimeshapanga dakika zote.) Bryggen tutakaa kwa mbele, Mama ataelewa hata bila kuingia: ni maghala ya ng'onda tu yale, Wajerumani walikuwa wanaleta nafaka, wanabeba samaki mkavu wa kaskazini. Yaliyopo yalijengwa baada ya moto wa 1702. Moto ulipigwa marufuku humo ndani hata wa kupikia, wakawa na majengo ya nyuma ya kula na kuota moto.

Idi 08:02
Na sisi tunakula nini?

Omari 08:20
Fisketorget tazameni tu, bei ni ya watalii. Plukkfisk nzuri kwa Mama, samaki na viazi vilivyovurugwa kwenye mchuzi mweupe, lakini wengi wanamwagia bekoni juu. Semeni "uten bacon", bila bekoni, KABLA hawajapakua. Soseji za barabarani nyingi ni nguruwe, neno la kutafuta ni "svin". Skillingsbolle, mkate mtamu wa kusokota, una iliki na mdalasini, huo Mama hatauliza mara mbili.

Omari 08:22
Jumapili maduka yanafungwa, yanabaki vibanda vidogo vya bei kali. Nunueni mkate na maziwa Jumamosi mapema. Chupa tupu msitupe, zinarudishiwa pesa, mashine iko dukani.

Zuhura 08:25
Ahsante Omari.

Salma 23:47
Nimetoka zamu sasa. Nimesoma yote. Mimi visa sina. Pasi yangu ya Tanzania, na kibali cha Uingereza huko hakinisaidii kitu.

Zuhura 23:49
SALMA.

Zuhura 23:55
Omba ya Norwei, ndiko utakakolala siku zote. Euro 90, ukikataliwa hazirudi. Sheria inasema si chini ya siku 15 kabla, lakini zinahesabiwa toka siku ya miadi, na miadi ndiyo inayogombaniwa. Tazama pasi: iwe na miezi 3 mbele baada ya kurudi, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10.

Salma 00:03
Nitatazama kesho. Uwanja wa ndege nikifika nafanyaje?

Nasra 00:05
Panda Bybanen, treni ya mjini, namba 1 mpaka kituo cha Byparken, dakika 45. Kata tiketi kwenye mashine au simu kabla hujapanda, ndani haikatwi. Halafu mtu akupokee, ukiwa na visa.

Alhamisi

Zuhura 12:10
Nishike vyumba vya watu watano au wanne? Kufuta bure mwisho tarehe 4 Mei.

Zuhura 17:36
Omari? Salma?

Idi 21:14
Koti la Mama saizi gani?