Lamu ya kwenye simu: ukiogopa unamwamini nani?

MLETA MADA: Wadau naomba tujadili. Dada yangu yuko Nairobi anataka kwenda Lamu Maulidi, wiki nzima yuko kwenye simu anasoma tu. Hoteli inasema raha mustarehe, ubalozi mmoja wa kizungu unasema usiende, halafu kuna mtu hata hamjui kaandika kwenye komenti "ile barabara usithubutu", basi huyo ndo kaaminika. Waliokwenda na kurudi wazima wote hawakufua dafu. Mi nasema hofu ndo inamchagulia mtu wa kumwamini, ukishaogopa kila habari nzuri unaiona ya biashara, mbaya unaiona ndo kweli. Na hofu haina ramani. Juni 2014 Mpeketoni ilivamiwa wakauawa watu zaidi ya 60, Mpeketoni iko bara, lakini kaunti inaitwa Lamu na kisiwa kinaitwa Lamu, sasa mtu wa Leeds huko Uingereza atajuaje? Wa Nairobi mwenyewe hajui.

MDAU 1: Pole pole hapo. Mi hiyo njia naipanda, kuna wakati basi zinakusanywa ziende na polisi, hilo ubalozi haukulitunga. Mwenye hoteli Shela, kijiji cha pale pale kisiwani Lamu, hatakwambia kwa sababu wageni wake wanashuka na ndege kisiwa cha jirani cha Manda wanavushwa na boti, barabara haimhusu ndewe wala sikio. Hadanganyi, ila kanyamaza. Dada yako kaogopa vizuri tu.

MDAU 2: Nyie hamkuwepo Mombasa Mei 2014? Uingereza ilitoa onyo, watalii wa Thomson na First Choice, kampuni za utalii za huko, wakarudishwa kwao likizo haijaisha, na onyo la mji lenyewe limekuja kulegezwa Juni 2015. Zaidi ya mwaka! Sisi tuliokuwa tunaishi humo humo tunapeleka watoto shule hakuna aliyetuuliza. Mi onyo la ubalozi sisomi tena.

MLETA MADA: MDAU 1 umenipata, nakubali. Tena niwape yangu mnicheke. Pasaka nilitafuta nyumba Diani, ufukweni kusini mwa Mombasa, picha nzuri, bwawa, riviu kibao, nikatuma depoziti kwa simu. Si Diani ni salama? Sikupiga hata simu moja kuuliza. Kufika tunakuta geti la watu wengine kabisa, askari anatwambia nyie ni wa tatu wiki hii. Yaani Lamu tunachambua kila herufi, Diani hela imetoka na macho yamefumbwa, kwa sababu kitu pekee tunachokiita hatari ni bunduki.

Dada kaamua ndege mpaka Manda. Hoteli hajalipa, nimemwambia apige video wamwonyeshe mlango, chumba na mtaa. Ila kuna binamu yetu nauli ya ndege hana, atapanda basi, kwa hiyo mliopita njia hiyo mwezi huu semeni: mlikusanywa wapi, na mlingoja saa ngapi?